Utalala Wapi Njiani?

 

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya usingizi wa njiani. Pita stendi ya mabasi hapa Arua jua likielekea kuzama, simama pembeni, tazama watu. Utamwona mama kashuka kwenye gari la Koboko, mtoto mgongoni, mfuko wa simsim kichwani. Utamwona kijana anarudi chuoni Kampala, godoro lake kalikunja kwa kamba. Utamwona mzee kashika bahasha kubwa ya kahawia, ndani mna picha za eksirei, anakwenda hospitali ya Mulago. Wote wanauliza nauli. Wote wanauliza basi linaondoka saa ngapi. Anayeuliza "mimi nitakaa wapi?" ni nadra kumpata, na ukimpata, mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuumia safari iliyopita.

Mimi niliumia kupitia kwa mama yangu. Miaka kadhaa imepita sasa. Nilikuwa nampeleka Kampala kwa daktari, nikakata tiketi mbili mchana, nikazitia mfukoni, nikarudi nyumbani nimeridhika. Jioni tukaoneshwa viti vyetu: mstari wa mwisho kabisa, ule wa viti vilivyopangwa ukuta hadi ukuta, juu ya injini. Sakafu ilikuwa ya moto hata mama akavua viatu, akavivaa, akavivua tena. Kila tuta la barabarani lilimnyanyua. Kutoka hapa hadi Nebbi alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyepanda punda. Hakulalamika. Wamama wetu wa Koboko mnawajua. Kulipokucha, tukiwa tumeshaingia Kampala, aliinama kuvaa viatu na miguu haikuingia. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Nikampa ndala zangu, na ndivyo tulivyofika hospitali, mama kavaa ndala za mwanawe, mimi miguu chini. Daktari aliuliza habari za miguu kwanza, kabla ya ugonjwa uliotutoa nyumbani.

Siku ile ndiyo niliyoanza kuuliza. Nimewauliza madereva, nimewauliza matingo, nimewauliza wazee waliofanya kazi ya reli. Haya ninayoyasema leo nimeyapata kwao na kwa mgongo wangu mwenyewe.

Tuanze na basi, kwa kuwa ndilo letu. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na aliyetoka Koboko ameongeza zaidi ya 50. Watu wa pwani wana methali isemayo mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumboni chini. Mabaharia walijua kwamba chombo hakichezi sawa kila mahali; mbele na nyuma panapanda na kushuka, tumboni pametulia. Basi nalo ni hivyohivyo. Kilicho katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hutikisika kidogo. Kilicho juu ya gurudumu hupokea kila shimo. Kilicho nyuma ya gurudumu la nyuma hurushwa, maana sehemu ile ya basi inaning'inia hewani haina cha kuishika. Kwa hiyo ukienda dirishani kununua tiketi, usiridhike na kuambiwa "siti iko". Mwambie konda akuoneshe mchoro wa viti. Akikosa mchoro, mwambie muende wote mpaka kwenye basi, uyaone magurudumu yako wapi, uhesabu mistari.

Upande nao una maana. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linalokuja linapita upande wa kulia. Usiku mzima aliye kulia anamulikwa na taa za malori yanayokwenda Elegu na Pakwach, na Mungu apishie mbali, magari yakikwaruzana ni upande ule. Mimi humtafutia mtu wangu kushoto. Na ukisafiri mchana kwenda Kampala, alasiri tayari mmeshavuka daraja la Karuma mnaelekea kusini, jua liko kulia, linachoma. Kushoto kuna kivuli. Mambo haya mawili yanakubaliana, nami nashukuru kwamba yanakubaliana.

Dirishani au ujiani? Kijana mwenye koti na akae dirishani, aegemeze kichwa, alale. Mzee anayeamka mara tatu usiku akae ujiani ili asiwe anawaomba watu radhi gizani. Mama mjamzito vilevile akae ujiani, tena anyanyuke kila basi linaposimama, atembee hata hatua kumi. Kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu kunaifanya damu itulie kwenye mishipa ya miguu, na inaweza kuganda. Hilo si la kuchezea. Ukikosa pa kutembea, chezesha visigino juu chini hapohapo ulipo.

Tulipofungiwa daraja la Karuma, Septemba 2024, kwa muda wa miezi mitatu ya matengenezo, mabasi yetu yakawa yanazungukia Masindi na kukata ndani ya mbuga ya Murchison Falls hadi Pakwach. Safari ikarefuka. Niliwaona watu wanashuka asubuhi wakiwa wameinama kama waliobeba magunia usiku kucha. Nikasema moyoni, sisi watu wa West Nile tunasafiri mbali kuliko karibu Waganda wote, na mtu wa kutuuliza tumelalaje hayupo.

Na sasa niingie kwenye treni, maana ndiko nilikokuwa nakwenda. Utaniuliza: Arua hakuna reli, Koboko hakuna reli, ya treni yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, na yalianza kutuhusu zamani.

West Nile iliingizwa Uganda mwaka 1914, na haukupita muda mrefu serikali ya kikoloni ikaifanya ghala la vibarua. Vijana wa Kilugbara, wa Kialur, wa Kikakwa wakawa wanakwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Hebu fikiri njia yao. Walishuka kwa miguu au kwa lori hadi mtoni, Rhino Camp au Pakwach. Wakapanda meli kupitia Ziwa Albert hadi Butiaba. Kutoka Butiaba wakaenda kwa gari, wakapita Masindi hadi Masindi Port, wakapanda meli nyingine ya Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na hapo Namasagali ndipo walipoiona treni, ile reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912, ikawafikisha Jinja. Kwenye Ziwa Albert, kuanzia mwaka 1930, kulikuwa na meli nzuri sana iliyoitwa Robert Coryndon. Ilikuwa na vyumba vya kulala, ilikuwa na meza za chakula. Wazungu waliokuja kuwinda na kutalii walilala vyumbani. Babu zetu walilala pa wazi, na mizigo.

Na ndani ya treni ilikuwa hivyohivyo. Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa na madaraja, na kila mtu alijua daraja lipi ni la nani: la kwanza la Mzungu, la pili la Mhindi, la tatu la Mwafrika. Vitanda vilikuwa kwenye madaraja yale ya juu. Daraja la tatu lilikuwa na mabenchi, na katikati ya mabenchi watu, na juu ya watu vikapu. Ndiyo maana, ndugu zangu, mimi siwezi kulizungumza suala la kitanda cha treni kama suala la anasa. Katika nchi zetu kitanda kiligawiwa kwa rangi ya ngozi kabla hakijagawiwa kwa fedha. Mtu aliyekuwa amelima, amekata miwa, amebeba, ndiye aliyekalishwa wima usiku kucha.

Mafuriko ya 1961 na 1962 yakaharibu bandari za Butiaba na Namasagali, na meli zile zikaisha. Reli ikaja kuchukua nafasi yake: ikatoka Soroti, ikapita Lira, ikapita Gulu, na mwaka 1964 ikafika Pakwach. Yapo maandishi yanayosema ilifika Arua. Haikufika. Ilisimama Pakwach, na aliyetaka Arua alimaliza kwa barabara. Ukipita Pakwach leo, kabla hujashughulishwa na wauza samaki wa angara wanaokimbilia dirisha la basi, tafuta reli ile kwa macho. Vita vya kaskazini viliinyamazisha, ikapitishwa tena mizigo katika miaka ya 2010, lakini abiria hawakurudi.

Kwa hiyo mtu wa Koboko anayetaka kulala ndani ya treni siku hizi anaifuata mbali. Wanaoifuata wapo, nawajua. Wafanyabiashara wanaokwenda Kariakoo wakipitia Mwanza. Wanaokwenda Mombasa kufuata magari bandarini. Na wapo wanaofika mpaka Zambia. Kwa hao nina maneno mahususi.

Ukienda Mombasa kutoka Nairobi, jua kwamba kitanda hakipo tena. Zamani kulikuwa na treni ya usiku iliyotoka Nairobi jioni: daraja la kwanza vyumba vya watu wawili, daraja la pili vyumba vya watu wanne, mhudumu anakutandikia shuka wakati wewe uko kwenye behewa la chakula, na mwingine anapita kwenye ujia akigonga kengele ndogo kuwaita watu mezani. Treni ile ilikoma mwaka 2017, reli mpya ya SGR ilipoanza. Hii ya sasa ni ya viti. Inakwenda kilomita 472 kwa saa tano au zaidi kidogo. Daraja la kwanza viti viwili huku na viwili kule. Daraja la pili vitatu huku, viwili kule, watu wanatazamana uso kwa uso, na mgongo wa kiti haulali. Omba upande wa viwili. Kama kichwa chako huzunguka ukienda kinyumenyume, useme mapema, kwa kuwa nusu ya viti vinatazama nyuma. Ukitaka kuuona Mlima Kilimanjaro, kaa kulia unapokwenda Mombasa. Ipo pia ya saa nne usiku, inafika stesheni ya Miritini, Mombasa, kabla ya alfajiri, na abiria wake nimewaona wameviringika kwenye viti vile vilivyonyooka, shingo zimeanguka begani kwa watu wasiowajua.

Angalieni umbali ule. Kilomita 472. Ni kama wa kwetu hapa hadi Kampala. Reli mpya ya mabilioni, na anayesafiri usiku analala alivyolala mama yangu, tofauti ni kwamba hakuna matuta.

Tanzania ndiko vitanda vilikobaki. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, nayo ni ya viti, na kwa safari ya saa chache mtu hana neno. Lakini ile reli ya zamani ya kwenda Mwanza na Kigoma, na ile ya TAZARA inayotoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, bado zina vyumba. Kwenye hiyo ya Mwanza na Kigoma, yaani reli ya kati, daraja la kwanza ni watu wawili chumbani, daraja la pili ni sita. TAZARA daraja la kwanza ni wanne, la pili ni sita. Wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja, isipokuwa mmenunua chumba kizima. Akina mama wengi wa Koboko na Yumbe watalipenda hilo, na nadhani ni utaratibu mzuri. Lakini mke na mume mjue mapema: msipochukua chumba chenu, mtaonana kwenye ujia.

Sasa chumba cha watu sita kikoje? Vitanda vitatu kulia vimepandana, vitatu kushoto, na kati yao nafasi ya magoti kugusana. Mchana kitanda cha kati kinakunjwa, kinakuwa egemeo, na vitanda vya chini vinakuwa mabenchi ya wote sita. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani cha chini ni kizuri siku zote. Mwenye cha chini hana kitanda mpaka wenzake wakubali kwamba ni usiku. Kama kuna watu wawili wanapenda mazungumzo, basi wewe utakaa unasinzia mpaka saa sita. Mwenye cha juu anapanda saa yoyote, anageukia ukuta, amekwisha. Lakini kule juu kuna joto la paa, taa iko usoni, na kadiri unavyokwenda juu ndivyo behewa linavyokuyumbisha. Na usiku ukitaka kushuka, unashuka gizani kwa ngazi nyembamba, mguu unatafuta pa kukanyaga kati ya vichwa vya watu. Cha kati mimi sikipendi kabisa: huwezi kukaa, ni kulala tu, kama mkate ndani ya tanuri.

Kwa hiyo namwambia kila anayeniuliza: mzee, mjamzito na mama mwenye mtoto mchanga, cha chini, hata kama watachelewa kulala. Kijana mwenye fedha za biashara kiunoni, cha juu, maana mwizi hapandi ngazi bila kuamsha watu. Mtoto alazwe upande wa ukutani. Na ukiona mzee kapewa cha juu, usingoje mhudumu. Simama umwambie, "Mzee, tubadilishane." Nilisafiri na mama kwa TAZARA kwenda Mbeya baadaye, tiketi zilipatikana kwa shida, akaangukia chumba cha wanawake, kitanda cha juu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nafikiria nimwombe nani. Binti mmoja, mwanafunzi kwa kumwangalia, alikuwa ameshaanza kutoa shuka lake kwenye kitanda cha chini. Hakuombwa. Akasema tu, "Shikamoo mama, njoo huku," akapanda.

Chumba chenyewe kiko wapi ndani ya behewa, hilo nalo uliza. Behewa linakaa juu ya magurudumu yaliyo karibu na ncha zake mbili, na huko huko kwenye ncha ndiko kuna milango na vyoo. Vyumba vya pembeni vinapata mtikisiko, vinapata harufu, vinapata kila anayepanda na sanduku saa nane za usiku. Omba chumba cha katikati ya behewa. Behewa lililo nyuma ya injini linasikia honi usiku kucha. La mwisho kabisa linatupwatupwa kama mkia. Lililo jirani na behewa la chakula lina kelele mpaka usiku wa manane. Najua huwezi kupata kila kitu, lakini ukifika dirishani siku kadhaa kabla ya safari, na ukasema kwa adabu unataka nini, mkata tiketi atakusikiliza. Ukifika asubuhi ya safari utapewa kilichobaki.

Na dirisha. Niwape kisa cha kweli kabisa. Usiku wa tarehe 6 Juni 1900, katika stesheni ndogo ya Kima, kati ya Nairobi na Mombasa, mkuu mmoja wa polisi aitwaye Charles Ryall alikuwa ndani ya behewa lililoegeshwa njia ya pembeni, yeye na Wazungu wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walikuwa wanamvizia simba mla watu. Mmoja alilala kitanda cha juu, mmoja sakafuni, na Ryall akakaa cha chini, dirishani, zamu ya kukesha ikiwa yake. Usingizi ukamshinda. Behewa lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja, na simba alipoingia, mlango wa kusukuma ukajifunga wenyewe nyuma yake. Akasimama juu ya yule aliyelala sakafuni, akamkamata Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa lile lipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli Nairobi, watoto wa shule wanalipanda.

Simba siku hizi haingii. Mikono ndiyo inayoingia. Treni ikisimama stesheni usiku, dirisha likiwa wazi, simu na mkoba vinakwenda. Wazoefu wa reli za Tanzania husafiri na kipande cha mti, urefu wa kiganja, wanakibana kwenye mfereji wa dirisha ili lisisukumwe kutoka nje. Kichwa changu mimi hukilaza upande wa mlango, miguu dirishani, mkoba chini ya kichwa. Beba kitenge kizito cha Ariwara, ng'ambo ya mpaka, hata kama wanatoa shuka, kwa sababu nyanda za juu kule Makambako usiku ni baridi ya kweli. Na beba lita tatu za maji zaidi ya ya kunywa. Bomba la treni hukauka njiani, na Alfajiri itakukuta unataka kutia udhu.

Sasa nirudi nyumbani. Serikali inaifufua reli ya zamani kutoka Tororo hadi Gulu, kilomita 375. Oktoba 2024 ilitia saini na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki, ileile iliyojenga Dar es Salaam hadi Dodoma, kujenga reli mpya ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Na watu wanazungumza kwamba siku moja itakuja kwetu. Katika mazungumzo yote hayo nasikia makontena, nasikia saruji, nasikia mafuta. Nangoja nisikie abiria.

Chukueni ramani mtazame. Reli ya Pakwach haishuki Kampala moja kwa moja kama barabara. Inakwenda mashariki, Gulu, Lira, Soroti, Mbale, mpaka Tororo, ndipo inageuka kurudi Kampala. Zinapita kilomita 700. Hata treni ikienda 50 kwa saa bila kusimama popote, ni saa 14, na treni ya abiria husimama. Hiyo ni treni ya usiku, upende usipende. Kwa mtu wa Mukono kiti kinatosha; anafika kabla chai haijapoa. Kwa mtu wa Koboko, ambaye ameshakaa kwenye gari hadi Pakwach kabla hata ya kuiona stesheni, treni bila vitanda ni basi refu lililowekwa juu ya chuma. Na mabehewa yakishanunuliwa ya viti, hayabadilishwi. Kenya walikuwa na vitanda zaidi ya miaka mia moja, na vikatoweka katika mwaka mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba, waheshimiwa madiwani mnaonisikia, wabunge wetu, na wewe mwananchi ukiitwa kwenye mkutano kuambiwa habari za reli: ulizeni vitanda vingapi. Ulizeni daraja la bei nafuu litakuwa na vitanda au mabenchi. Ulizeni sasa, kalamu ikiwa bado mkononi mwa wachoraji. Mulago ni kwetu pia, na wagonjwa wetu wana haki ya kufika wakiwa wamenyoosha miguu.

Naona saa inanikimbiza. Najua kuna mtu ananisikiliza yuko kwenye foleni ya tiketi sasa hivi, basi la usiku huu. Ndugu yangu, usikubali mstari wa mwisho. Mwambie konda unataka kushoto, katikati, mbele ya gurudumu la nyuma. Kama umemleta mama, mkalishe ujiani, mvue viatu mapema kabla ya Nebbi, mpe begi dogo akanyagie, na mkifika Pakwach mshushe atembee kidogo, hata kama analala. Mwamshe.